Daktari wa Meno na Bastola Isiyosomeka

Mpaka leo sijapoa. Nimemjua Daktari tangu nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimemtilia kahawa Ijumaa zisizo na idadi, na nilikuwa tayari kuapa mbele ya kadhi kwamba mtu yule hajui kusema uongo. Ndiyo maana nasimulia habari zake huku nimeshika kichwa.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo nayaacha. Mtaani kwetu Azaiba jina la Daktari lilimtosha, na kila mtu alijua ni yupi, ingawa madaktari wengine kadhaa waliishi barabara ileile. Yeye alikuwa wa meno. Mrefu, mkavu, kanzu imepigwa pasi mpaka unaona kama inaweza kusimama peke yake, na mfukoni mwake hakukosi kile kioo kidogo chenye mpini mrefu cha kutazamia magego. Alipostaafu alikiacha kiti, akaiacha mashine, lakini kioo hakukiacha. Alikuwa na kazi nyingine nacho.

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma alama za bastola kongwe za Kijerumani. Najua inavyosikika. Lakini huku kwetu upande wa Waarabu, ukiingia majlisi za watu waliotoka Unguja na mrima, utakuta ukutani jambia, upanga, bunduki ya babu, na mara mojamoja bastola ya Mjerumani, mtutu umeshazibwa, kibali cha polisi kimekunjwa nyuma ya fremu. Na kila bastola ina hadithi yake ya ushujaa. Daktari hakuwa na shida na hadithi. Alichokitaka yeye ni upande wa mbele wa mpini, pale vidole vinapokamata. Jeshi lile lilikuwa na mazoea ya kugonga hapo herufi ndogo na nambari, zimetenganishwa kwa nukta: kikosi gani, kombania gani, na silaha ya ngapi katika kombania hiyo.

"Wale watu walikuwa hawaamini mtu," alikuwa akitueleza. "Kila chuma kina mwenyewe. Kikipotea, inajulikana nani alikabidhiwa, na nani ataulizwa."

Aliisema sentensi hiyo mara nyingi sana. Sikuwahi kumwuliza aliyeulizwa alifanywa nini.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kliniki tupu. Anatandika taulo jeupe. Anasafisha mpini kwa mswaki laini, anapaka unga wa chaki, anaupangusa kwa kidole ili chaki ibaki ndani ya alama tu, kisha analaza taa ubavuni, mwanga upite kwa chini. Hapo kioo kinatoka. Akishasoma, anakandika ile nta ya waridi ya kuchukulia vipimo vya meno, anamimina plasta, na baada ya muda anakubandulia kipande cheupe chenye nambari zimejitokeza. Vipande hivyo alivihifadhi kwenye watoto wa meza, pamoja na plasta za vinywa vya wagonjwa wake wa zamani. Ukivuta mtoto wa meza usiku, uko peke yako, unakutana na taya la mtu limekuchekea, na kando yake kikosi cha wapanda farasi.

Na alikuwa mkali. Walikuja jamaa kutoka Qantab, watu wa heshima, na bastola iliyozungushiwa uzi wa fedha mpini mzima. Babu yao, walisema, alitunukiwa na Kaizari, mfalme wa Wajerumani. Daktari akawaambia waufungue uzi. Wakanung'unika, mwisho wakaufungua. Akapaka chaki, akatazama, akaweka kioo chini.

"Hii ya polisi wa mjini," akasema. "Alama hizi zimeanza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kaizari wakati huo keshatoka madarakani zamani, anakata kuni uhamishoni."

"Pengine alimtunuku kabla hajatoka," mmoja akajaribu.

"Kabla haijatengenezwa?"

Waliondoka bila hata kumaliza tende. Baba alimlaumu sana siku ile, akamwambia angeweza kuwatafutia maneno ya kuwastiri. Daktari akajibu kwamba mgonjwa akiwa na jino bovu hamwambii ni zima kwa sababu ni mgeni.

Mwingine alikuwa mama mmoja wa Bustan, ambaye kila Idi alikuwa akisugua fedha za jambia kwa ukwaju na majivu, na kwa vile bastola ilikuwa ubavuni, nayo akaisugua vilevile, miaka nenda miaka rudi. Alama ilikuwa imebaki kivuli. Daktari alimsomea somo zima juu ya usafi uliopita kiasi, na yule mama akatikisa kichwa kama anayeambiwa habari za ufizi wake. Na mchuuzi wa vitu vya kale kutoka Matrah, huyo alifukuzwa. Alileta bastola yenye alama safi, kali, zinazong'aa. Daktari alipitisha kucha tu juu yake, hata kioo hakukitoa. "Jino la bandia," akasema, akaendelea na gazeti.

Huyo ndiye mtu niliyemjua. Lakini alikuwa na vituko vyake pia. Alikataza dunia nzima sukari, na halua yetu ya Ijumaa alikuwa akiichota kwa kijiko kikubwa. Aliweza kukueleza habari za bastola kutwa, lakini harusini watu wakipiga bunduki hewani, yeye huyo anaingia ndani kwa wanawake akiziba masikio. Hakuwa na bastola hata moja ya kwake. Ukutani mwake palikuwa na kalenda ya benki na misumari miwili mitupu. Niliwahi kumwuliza ile misumari ni ya nini. Akaniambia ni ya kungojea.

Sasa nije kwetu. Baba naye alikuwa na bastola. Bibi aliivusha kutoka Unguja mwaka ule wa fujo za mapinduzi, imeshonewa ndani ya kigodoro cha mtoto, na mtoto mwenyewe, shangazi yangu, amelazwa juu yake. Ndicho kitu pekee cha babu tulichobaki nacho. Hadithi yake baba alikuwa akiisimulia kila Ijumaa akipata mgeni mpya, na hata asipopata. Vita vimepamba moto, babu yuko ufukweni, afisa wa Kijerumani anamjia na bastola mkononi, babu hana hata fimbo. Afisa anateleza juu ya mwani. Babu anamrukia, anampokonya, anavuka nayo mpaka Unguja. Baba alipofika kwenye mwani alikuwa akiinuka kabisa kwenye mto, mzee mzima, anaonyesha mtu anavyoteleza.

Ijumaa ya kwanza Daktari alipokuja kwetu, ndiyo kwanza tumehamia mtaa wetu, baba alimsimulia, kisha akaiteremsha bastola mwenyewe akampa mkononi.

"Soma, Daktari. Wewe fundi."

Nilikuwepo, dela la kahawa mkononi, nasubiri kutilia. Daktari aliigeuza. Alitazama kwa kioo, halafu akairudisha kwa mikono miwili.

"Imefutika, yakhe," akasema. "Haisomeki."

Baba alisikitika kidogo, lakini ndiyo ikawa basi. Neno la Daktari lilikuwa neno. Nani angepekua baada yake? Macho ya baba yalikuwa hafifu, kaka yangu hana subira, na mimi nilimwamini kuliko nilivyoamini mizani ya hospitali. Bastola ikarudi ukutani, Daktari akawa rafiki wa baba wa kufa na kuzikana, na kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akikaa palepale chini yake.

Kuna kitu kimoja nilikiona na sikukielewa. Nyinyi mnaojua kahawa ya hapa mnajua: mtu hasemi "nimetosheka", anaitikisa finjani kidogo kwa vidole, na mtiliaji anaipokea. Usipoitikisa, utatiliwa mpaka jioni. Daktari alikuwa mnywaji mzuri, finjani tano, sita. Lakini baba akianza hadithi, na afisa akikaribia mwani, Daktari ataitikisa finjani. Hata kama ni ya kwanza. Nikadhani amechoshwa na hadithi, maana sote tulichoshwa, na nikamheshimu kwa kuwa hakupiga mwayo. Akishaitikisa anasema "Mashallah," anatazama mazulia.

Baba alifariki mwaka jana. Daktari ndiye aliyemwosha, pamoja na kaka yangu. Baada ya hapo hakuweza tena kukaa peke yake, magoti yalikataa, binti yake akamchukua kwake Bustan.

Kaka yangu ni mtu wa mipango. Arubaini haijapita sawasawa alikuwa keshazungumza na jumba moja la makumbusho, wakakubali kuipokea bastola, iwekwe kwenye kabati la kioo na jina la babu na hadithi yake chini. Walitaka kitu kimoja tu: alama za mpini zithibitishwe, au mtu anayeaminika aandike kwamba zimefutika.

"Nenda kwa Daktari akuandikie," kaka akaniambia. "Mistari miwili tu. Unajua wanamjua."

Nikaiteremsha bastola niifute vumbi kwanza, nisimpelekee chafu. Na kwa kuwa nilimwona akifanya mara elfu, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la unga wa chaki la watoto wa kaka. Nilipaka kwa mchezo. Nikapangusa. Nikawasha tochi ya simu nikailaza ubavuni.

Ilisomeka. Wallahi ilisomeka kama kibao cha duka. Herufi za jeshi lao la Afrika Mashariki, nukta, nne, nukta, kumi na saba. Hakuna nambari hata moja iliyochubuka. Mtoto wa shule angeisoma.

Nilikaa chini sakafuni. Nilifikiri kwanza pengine macho yake siku ile yalikuwa mabaya. Nikakumbuka kwamba mwaka huohuo aliwasoma watu wa Qantab chini ya uzi wa fedha.  Mtu aliyewavua nguo jamaa za watu kwa ajili ya ukweli alitazama alama iliyo wazi, mbele ya baba, akasema haisomeki, halafu akaja Ijumaa zote zilizobaki kukaa chini yake.

Niliifunga kwenye kanga, nikachukua na kibali, nikaendesha gari mpaka Bustan sikumbuki nimepita wapi.

Alikuwa amekaa ukumbini, blanketi miguuni, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya mifupa. Binti yake alileta birika na finjani, akatuacha. Ukutani hapo napo alipigiliwa misumari miwili, vilevile, na kalenda ya mwaka huu, na meza yake ya zamani ilikuwa kando. Nikamwamkia, nikabusu mkono, nikafunua kanga juu ya blanketi. Chaki ilikuwa bado iko ndani ya alama.

"Ulimwambia baba imefutika," nikasema.

Hakushtuka. Alipitisha kidole gumba juu ya nambari, polepole, mara mbili.

"Nne, kumi na saba," akasema, bila kutazama. "Vuta mtoto wa meza wa chini, mwanangu. Usiogope meno."

Nilivuta. Chini ya plasta za vinywa palikuwa na mkoba wa ngozi, mweusi, umekakamaa, umefanyiwa umbo la bastola na hauna kitu ndani. Nyuma yake umegongwa alama. Herufi zilezile. Nne. Kumi na saba.

Niliuweka mkoba juu ya blanketi, kando ya bastola. 

"Babu yangu alikuwa mlinzi wa ghala la silaha la kombania hiyo, pale Bagamoyo, kabla ya vita," akasema. "Mkoba ulifumuka mshono. Akaupeleka kwa mshona viatu, na bastola akaenda nayo nyumbani kwake mwenyewe, usiku mmoja tu, maana ghala lishafungwa. Usiku ule alikuwa na mgeni; babu yangu alikuwa akisema hivyo, 'nna mgeni wangu'. Rafiki yake. Kala wali wetu, kalala kwenye mkeka wetu. Asubuhi mgeni hayupo, na bastola haipo. Tukasikia kavuka Unguja, na sisi tukabaki na mkoba mtupu kwa mshona viatu."

"Mgeni nani?" nikauliza, na nilikuwa nishajua.

Alilitaja jina la utani la babu yangu, lile ambalo baba alikuwa akilitaja kila Ijumaa kwa fahari.

"Babu alichapwa viboko hamsa ishirini, mbele ya watu," akaendelea, kwa sauti yake ileile ya kliniki. "Halafu mnyororo. Mkono wa kulia haukunyooka tena. Walisema kaiuza. Mpaka anakufa, mjini wanamwita mwizi wa bastola, na mama yangu mdogo posa zake mbili zilirudi kwa jina hilo. Yeye alikuwa akisema neno moja tu: itafuteni, ina nambari, siku itakapoonekana mtajua. Basi mimi nikajifunza kusoma nambari."

"Hizi zote ulizosoma. Miaka yote hii."

"Nilikuwa naitafuta hii."

"Na ulipoipata ukasema haisomeki."

 Sikujua namhurumia yeye, au nina hasira naye, au naona aibu ya watu ambao wengine wameshakuwa udongo. Nilimwona baba akiinuka kwenye mto kuonyesha afisa anavyoteleza, na mbele yake amekaa mjukuu wa aliyechapwa, kashika finjani. Tena na tena. Hapo ndipo kutikisa finjani kulinirudia, na nikaziba mdomo kwa mkono.

"Ijumaa ile nilikusudia kusema," Daktari akasema. "Neno nnalo hapa ulimini. Nikamtazama baba ako. Alikuwa anafurahi. Hakuwa akisema uongo, mwanangu, alikuwa akisema alivyoambiwa na baba ake. Nikasema nitamwambia Ijumaa ya pili. Ijumaa ya pili nilikuwa nimefiwa na mke wangu, na nani aliyekaa na mimi siku tatu bila kwenda kwake? Ya tatu sikuweza tena. Khalas."

"Ichukue," nikamwambia. "Ni yenu. Kaka nitamwambia mimi."

Niliitia bastola ndani ya mkoba. Iliingia kwa sauti ndogo ya ngozi kavu, ikakaa. Nikamwekea magotini. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaitazama misumari, kisha akaisukuma kwangu kwa viganja viwili, kama siku ile.

"Nikiichukua," akasema, "itakuwa nilikuja Ijumaa zote zile kwa ajili yake."

Hapo nililia, sikuona haya.

"Mkoba nao uchukue," akasema. "Visitengane. Na huko makumbusho waandike wanachotaka. Usimvunjie baba ako heshima."

"Na babu yako?"

 Alinyoosha mkono kwenye birika, na mkono ukamshinda, nikamwahi. Nikasimama, birika mkono wa kushoto, kama nilivyosimama mbele yake miaka yote, nikamtilia finjani ya kwanza. Sikurudi kukaa. Nikaanza, kwa sauti ya baba, kwa vituo vya baba, maana sijui namna nyingine ya kuisimulia habari ya bastola ile.

"Palikuwa na mtu Bagamoyo," nikasema, "mlinzi wa ghala la silaha. Mtu mwaminifu. Siku moja mkoba wa bastola ulifumuka mshono, naye akamkaribisha nyumbani kwake rafiki."

Daktari aliinamisha kichwa. Niliendelea. Nilimtaja mgeni kwa jina, jina la babu yangu, nikalirudia ili litoke sawasawa. Nikasema aliyeiba ni huyo. Nikataja hamsa ishirini, nikataja mkono, nikataja posa zilizorudi. Nikasema yule mlinzi hakuuza kitu na hakuiba kitu, na kwamba hivyo ndivyo itakavyosomeka kule makumbusho, chini ya kioo, na kaka yangu akinuna na anune.

Kaka kweli amenuna, mpaka leo hasemi na mimi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Pale ukumbini nilikuwa naangalia vidole vya Daktari tu. Hadithi ilikuwa imepita mahali pa mwani, imepita mbali, imefika mwisho, na finjani ilikuwa imetulia mkononi mwake, tupu. Akaninyooshea bila kuitikisa, nikamtilia.